Meno ya Amani

Iko nchi inaitwa Ukingoni. Usiulize iko upande gani wa dunia, maana wenyewe waliwahi kuunda tume kulichunguza jambo hilo, na baada ya miaka minne tume ikarudi na jibu kwamba inategemea muulizaji amesimama wapi. Nchi hiyo haikujaliwa madini wala mafuta. Ilijaliwa mipaka. Kila kiwanja kilikuwa na mpaka, kila kaburi, kila meza ya muuza nyanya, na kwenye kila mpaka lilichimbiwa jiwe la saruji lenye namba, liitwalo bikoni. Mtu akikutwa amekalia jiwe hilo anapumzika, aliulizwa kwanza kalio lipi liko upande gani, ndipo apewe adhabu ya kila kalio.

Kaulimbiu ya taifa ilikuwa Amani na Utulivu. Iliandikwa kwenye madaftari ya shule, kwenye magari ya kuzoa taka na kwenye milango ya mahabusu. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa Mheshimiwa Mtandika, Katibu Mkuu wa Ofisi ya Mipaka, alipozawadiwa mbwa wawili na wageni wa ng'ambo, akawaita Amani na Utulivu. Redio ilimsifu kwa uzalendo. Utulivu alikuwa mbwa mnene aliyeshinda amelala barazani. Amani ndiye aliyefanya kazi.

Na katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Sikudhani, fundi cherehani, pamoja na mdogo wake wa pekee, Chande. Mama yao alipofariki Chande alikuwa bado anatambaa, na Sikudhani ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamshonea kila nguo aliyowahi kuvaa. Sasa Chande alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mbili, mtumishi wa Idara ya Maji, kazi yake kupita nyumba kwa nyumba akisoma mita.

"Leo mtaa gani?" Sikudhani alimuuliza asubuhi ile, uzi ukiwa mdomoni.

"Mtaa wa Waheshimiwa. Mita kumi na moja."

"Si ndiko kwenye lile jibwa?"

"Dada, usiliite jibwa. Lina cheo kuliko mimi."

"Likikuona na hiyo suruali litadhani gunia linatembea."

"Si umeshona wewe?"

"Mimi nilimshonea mtu mwenye makalio. Hayo mapungufu ni yako."

Chande akacheka, akachukua daftari lake la mita, akatoka. Sikudhani akaendelea kukanyaga cherehani. Ndiyo ilikuwa asubuhi yenyewe, haikuwa na alama yoyote.

*

Sheria ya Maji ya Ukingoni ilitaka mita iwekwe juu ya mpaka barabara. Isiwe ndani, isije ikawa mali ya mwenye nyumba. Isiwe nje, isije ikawa mali ya wapita njia. Kwa Mheshimiwa Mtandika mpaka ulikuwa ua wa minyaa, mrefu, uliofumana, na mita ilikuwa kwenye mashina yake. Ili kuisoma ilibidi mtu achuchumae barabarani na kuinamia matawi. Na kwa kuwa utomvu wa mnyaa ukiingia machoni unapofusha, Chande alilikanyaga tawi moja kwa mguu wa kulia, akalilaza chini, akaanza kunakili namba. Alikuwa ameandika tarakimu tatu. Ya nne haikuandikwa. Kichwa cha Amani kilichomoza kati ya minyaa na kuuvaa muundi.

Aliyemnasua ni mlinzi wa getini, mzee mmoja jina lake Sijaona, ambaye alimvuta mbwa kwa mkia mpaka akaachia.

"Pole kaka," Sijaona alimwambia. "Huyu siku hizi hata mimi simwelewi. Juzi kamng'ata mwenziwe Utulivu. Jana ameshinda anatafuna ndoo. Mate yanamchuruzika mchana kutwa."

"Umemwambia bosi wako?"

"Nilimwambia. Akasema Amani ikizidi huwa hivyo."

Chande alifika nyumbani akichechemea, suruali imechanika, damu imeloa mpaka kiatuni. Sikudhani alimkalisha kwenye kigoda, akaleta beseni la maji na mche wa sabuni ya kufulia, akapiga magoti. Alikuwa amekwisha kulowesha sabuni ndipo mlango ulipofunikwa na kivuli. Mtendaji wa mtaa, Bwana Kibaja, alikuwa amesimama kizingitini na mhuri wake kwapani. Habari katika mtaa ule zilifika ofisini haraka kuliko nyumbani.

"Mama, weka chini hiyo sabuni."

"Naosha kidonda, Mtendaji."

"Hicho si kidonda tena. Ni kielelezo."

"Kielelezo cha nini?"

"Cha shauri. Mbwa ni wa Mheshimiwa, tukio ni la mpakani, jambo limeshakuwa kubwa. Alama za meno zinatakiwa zionekane kama zilivyo, na mate yake, na uchafu wake. Ukiosha umeharibu ushahidi. Kifungu kipo, na kifungo kipo."

Chande alijaribu kucheka. "Mtendaji, mguu ni wangu."

"Mguu ni wako, meno ni ya Mheshimiwa, na matundu ni ya Serikali," alisema Kibaja, akapiga mhuri kwenye karatasi, akaibandika kwa gundi juu ya goti la Chande: KISIGUSWE.

Sikudhani aliitazama karatasi ile. Alikuwa mtu wa kutii. Katika maisha yake hakuwahi kuvuka mstari wowote uliochorwa na mtu mwenye mhuri. Akaiweka sabuni chini. Maji yalipoa ndani ya beseni, jioni akamwagia mchicha.

*

Kesho yake walikwenda hospitali. Nesi aliyewapokea alikuwa binti mpole mwenye macho ya kuchoka. Alisoma ile karatasi ya gotini, akauchungulia mguu bila kuugusa, akafunga mlango.

"Anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa, na alitakiwa aanze jana. Mmekuja na Fomu namba Tisa?"

Hawakuwa nayo, wala hawakuwahi kuisikia. Nesi akawaonyesha majokofu mawili ukutani. La kwanza liliandikwa NJE. Mtu aking'atwa nje ya ua, mwenye mbwa ana hatia, na majeruhi anachomwa sindano za jokofu hilo. La pili liliandikwa NDANI. Mtu aking'atwa ndani ya ua ni mvamizi, hana haki ya chochote, na kwa sababu hiyo jokofu lake lilikuwa tupu, ila liliwashwa umeme usiku na mchana ili pande zote mbili zionekane zinatendewa sawa. Ufunguo wa NJE ulikuwa kwa Tume. Tume ndiyo inayotoa Fomu Tisa, baada ya kuamua upande.

"Na aliyeng'atwa mpakani?" aliuliza Sikudhani.

"Mpakani hatujawahi kununuliwa jokofu."

Nesi aliwasindikiza mpaka kwenye korido. Pale, akiwa anatazama upande mwingine kama anayesoma tangazo, akasema, "Dada, ingekuwa mimi, kile kidonda ningekiosha. Sabuni na maji mengi, robo saa nzima. Tena palepale alipofika nyumbani."

Walipofika nyumbani Sikudhani alibandua karatasi, akauosha mguu kwa sabuni mche mzima, mpaka Chande akamwambia, "Dada, utafika kwenye mfupa." Kisha akairudisha karatasi gotini kwa gundi, akitazama mlangoni kama ameiba.

*

Siku ya tano ikaja hati ya wito. Mtendaji Kibaja alikuja nayo mwenyewe na kuisoma kwa sauti, amesimama, kama anayesoma salamu za rambirambi.

"Wewe, Chande, msoma mita, unashtakiwa kwamba siku iliyotajwa, kwa makusudi na bila kibali, ulivuruga Amani."

"Nilivuruga nini?"

"Amani. Alikuwa amelala upande wake. Wewe ukaja na matawi."

"Mtendaji, nimetumwa na Serikali kusoma mita ya Serikali."

"Ndiyo maana kosa lako ni kubwa. Mtu binafsi akivuruga Amani tunaweza kumwelewa."

"Na yeye aliyening'ata, hana shtaka?"

Kibaja alimtazama kwa huruma ya kweli. "Kijana, umewahi kusikia wapi Amani ikishtakiwa?"

Siku ya saba Amani akafa. Alianguka kwenye maua, akizunguka na kutokwa povu. Redio ya Taifa ilikatisha matangazo na kupiga muziki wa maombolezo. Gazeti la Serikali liliandika kwa herufi kubwa ukurasa wa mbele: AMANI AMETUTOKA. Gazeti la upande wa pili liliandika maneno hayohayo kwa herufi ndogo, likafungiwa. Mheshimiwa Mtandika aliongoza mazishi bustanini kwake, na katika hotuba iliyochukua saa mbili alisema marehemu alikufa kwa uchovu wa utumishi, kwamba watu wasioitakia mema nchi wasitafute sababu nyingine, na kwamba Ukingoni itaendelea kubaki na Utulivu.

Sikudhani aliyasikia hayo kwenye redio akiwa anatia vifungo shati la mteja. Aliliacha shati lilivyo, akaenda mbio hospitali. Nesi alipoambiwa mbwa amekufa akashika kichwa.

"Siku ya saba? Na povu? Dada, hakuna cha kusubiri tena. Sindano leo. Siyo kesho."

"Nipe basi."

"Nivunje kufuli? Nina watoto."

Akaenda kwa Mtendaji. Kibaja alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafunga dirisha.

"Mama, nirudie polepole. Unasema Amani alikuwa na nini?"

"Kichaa."

"Amani ya nchi hii ilikuwa na kichaa?"

"Nasema mbwa, Mtendaji."

"Mimi nimesikia Amani. Na ukuta umesikia Amani. Nenda nyumbani ukasubiri Tume. Sikukuona."

*

Tume ya Kudumu ya Mipaka, Meno na Mambo Mengineyo ilikaa siku ya kumi na mbili, mahali penyewe pa tukio. Turubai lilifungwa barabarani, viti vikapangwa, wajumbe saba wakaketi huku Sikudhani na Chande wakisimama juani. Mwenyekiti alikuwa Dakta Fumbuka, msomi aliyebobea katika elimu ya kingo.

"Waheshimiwa, wageni waalikwa, na wewe uliyeng'atwa," alianza. "Swali lililo mbele yetu ni jepesi kwa wajinga. Mjinga atasema: kichwa cha mbwa kilikuwa nje, basi mbwa alikuwa nje. Lakini mbwa ni nini? Je, mbwa ni kichwa? Miguu minne ilikuwa ndani. Mkia ulikuwa ndani. Moyo, ambao ndio makao ya nia, ulikuwa ndani. Nje palikuwa na meno tu, na meno ni mfupa, hayana uraia."

Wajumbe wakapiga makofi. Kisha akamgeukia Chande.

"Mguu wako ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nao."

"Usinichezee. Ulikuwa umeuweka wapi?"

"Juu ya tawi, Mheshimiwa, barabarani."

"Tawi la nini?"

"La mnyaa."

"Mnyaa umeota wapi?"

"Kwenye ua."

"Ua wa nani?"

Chande akatazama upande wa geti.

"Iandikwe," alisema Dakta Fumbuka, "kwamba tawi ni la mti, mti ni wa ua, ua ni wa Mheshimiwa, na kwamba mguu ulikuwa umepanda juu ya mali ya Mheshimiwa hali mwenye mguu yuko barabarani. Ni jambo la kitaalamu sana. Aitwe shahidi."

Mzee Sijaona akaletwa mbele, kofia mkononi.

"Jina lako?"

"Sijaona."

"Iandikwe: shahidi hakuona. Nenda."

"Mheshimiwa, mimi nilikuwapo, mbwa yule alikuwa—"

"Umeulizwa swali, umejibu, na jibu limeandikwa kwa kalamu. Unataka tufute kumbukumbu za Serikali?"

Sijaona alivaa kofia. Alipompita Sikudhani akasema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, dada yangu. Ni mama yangu aliyenipa jina."

Tume ikaahirisha shauri kwa siku saba ili mpima ardhi athibitishe bikoni zimesimama pale zinapopaswa. Sikudhani akainua mkono. Hakuna aliyemwona. Akainua mikono yote miwili.

"Naomba mtupe sindano kwanza," alisema, "upande mtautafuta baadaye. Tukionekana tuna makosa, tufungeni. Mtamfunga akiwa mzima."

Dakta Fumbuka alivua miwani. "Mama, hisia zako tumezipokea na zitahifadhiwa kwenye jalada. Lakini hebu fikiri. Tukimchoma sindano kabla ya uamuzi, tutakuwa tumeamua."

*

Siku ya kumi na tisa, Tume ikiwa imeketi tena chini ya turubai, mpima ardhi alikuja na vyombo vyake vya miguu mitatu. Alipoinama kwenye minyaa, Utulivu, ambaye tangu aletwe nchini hakuwahi kuonekana akitembea, aliinuka barazani, akavuka bustani na kumng'ata kiganja.

Hapo ndipo wananchi waliposhuhudia jinsi Serikali yao inavyoweza kwenda mbio. Mpima alioshwa mkono palepale kwa maji ya chupa ya Mwenyekiti, akapakiwa ndani ya gari la Mwenyekiti, na kabla ya saa moja kwisha akawa amerudi, amefungwa bandeji, amekwisha kuchomwa. Ikafahamika kwamba liko jokofu la tatu, nyuma ya Ofisi ya Mipaka, lisilo na maandishi.

"Yeye alikuwa upande gani?" aliuliza Chande. Siku hizo alikuwa bado ana sauti yake.

"Swali hilo halikujitokeza," alisema Dakta Fumbuka. "Yeye alikuwa kazini."

"Na mimi nilikuwa kazini."

"Wewe ulikuwa unasoma. Yeye alikuwa anapima."

Tume ikaondoka kwenda kuandika uamuzi wake. Njiani kurudi nyumbani Chande alicheka peke yake mpaka akalazimika kushika ukuta wa watu. Sikudhani akamwambia aondoe mkono, kuna bikoni.

"Dada," alisema, "ukinizika, hakikisha niko upande mmoja."

"Nyamaza. Nani anakufa?"

"Nasema tu. Nisije nikaitwa kwenye tume nikiwa nimelala."

"Chande, nitakuzaba kofi hapa hapa, na mkono ukiwa upande wangu."

Wakacheka wote wawili. Sikudhani angekumbuka baadaye kwamba huko ndiko kucheka kwao kwa mwisho, na kwamba yeye ndiye aliyewahi kuacha, kwa sababu alikuwa na nguo za mteja.

*

Siku ya thelathini Chande alisema mguu unamwasha kwa ndani, mahali kucha haifiki. Siku ya thelathini na moja hakulala. Siku ya thelathini na mbili, saa nne asubuhi, aliomba maji. Sikudhani akamletea kikombe. Chande akakipokea, akakisogeza mdomoni, na koo lake likakaza kama kamba iliyovutwa na mtu. Akakitupa kikombe ukutani, akajibana kwenye kona, akatazama yale maji yakisambaa sakafuni kwa woga ambao Sikudhani hakuwahi kuuona machoni mwa mtu mzima. Miaka tisa alikuwa ameyahesabu maji ya nchi nzima. Sasa hata sauti ya bomba la jirani ilimrusha.

Hospitalini nesi alipowaona mlangoni alianza kulia kabla hajaulizwa kitu.

"Yafungueni sasa hayo majokofu," Sikudhani alisema.

"Dada, sasa hata yakifunguliwa yote matatu."

Walimlaza chumba cha mwisho, cha giza, mapazia yameshushwa, kwa kuwa mwanga nao ulimtesa. Kwa vipindi akili ilimrudia. Alimwambia dada yake asikae karibu, asije akamng'ata.

"Ning'ate," alisema Sikudhani.

"Utaambiwa ulivuka mpaka."

Alikufa siku ya thelathini na tano, adhuhuri. Baada ya waosha maiti kumaliza, Sikudhani aliuosha upya ule mguu wa kulia tu, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Siku ya tatu ya matanga, watu wakiwa wamekaa mkekani, Mtendaji Kibaja aliingia na mpiga picha. Alikuwa amebeba bahasha kubwa yenye nembo, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeleta habari njema kutoka mbali.

"Uamuzi umetoka, mama. Na mmeshinda."

Akaufungua na kuusoma. Tume, baada ya kutafakari kwa kina, ilikuwa imeona kwamba mguu wa kulia wa majeruhi ulikuwa ndani, na kwamba sehemu nyingine zote za majeruhi zilikuwa nje. Kwa hiyo mguu ni mvamizi, lakini Chande ni raia mwema. Kosa la kuvuruga Amani limefutwa, kwa kuwa Amani hayupo tena. Chande apewe Fomu namba Tisa na chanjo yote stahiki kutoka jokofu la NJE, isipokuwa sindano zisichomwe katika mguu uliotajwa.

"Aje mwenyewe apokee," alisema Kibaja. "Picha itakwenda gazetini."

Bibi mmoja jirani, aliyekuwa akichambua mchele, akamwambia bila kuinua macho, "Mwanangu, hapa ulipoingia umeona watu wamekaa harusi?"

Kibaja alitazama mkeka, kanga zilizofungwa vichwani, sufuria kubwa za kuazima. Ikamwingia polepole. Mpiga picha akashusha kamera.

"Sikuletewa taarifa," alisema. Kisha, kwa kuwa hakujua mikono yake aifanye nini, akaipiga mhuri ile bahasha na kuiacha kizingitini, nusu ndani, nusu nje.

*

Baada ya arobaini Sikudhani alikwenda Ofisi ya Vifo kuchukua cheti. Bila cheti, kwa sheria za nchi ile, Chande alihesabiwa kuwa amechelewa kazini. Karani wa dirishani alikuwa kijana nadhifu, amechana nywele kwa upande.

"Jina la marehemu."

Akalitaja.

"Sababu ya kifo."

"Aling'atwa na mbwa."

Kalamu ikasimama. "Neno hilo halimo."

"Halimo wapi?"

Karani akageuza kibao kilichoning'inia pembeni ya dirisha. Sababu za vifo zilizoidhinishwa zilikuwa nne: Uzee. Ajali. Kuumwa. Mengineyo kwa kibali.

"Kung'atwa kuliondolewa miaka mitano iliyopita," alieleza kwa upole. "Lilikuwa linaleta maswali. Lakini usijali, mama, lipo hili la kuumwa. Si ndilo hilohilo? Mbwa anauma, mtu anaumwa. Kiswahili kimetusaidia sana hapo."

"Mtu akisoma 'aliumwa' atajua alikuwa mgonjwa tu. Alishikwa na homa, akalala, akafa."

"Atakavyojua ni juu yake. Serikali haimwingilii msomaji."

"Basi ongeza: na mbwa."

"Mstari una nafasi ya neno moja. 'Na mbwa' ni maneno mawili." Alikuwa hasemi kwa ubaya, alimwonyesha mstari wenyewe, akaupima kwa kucha. "Unaona? Ningekuwa na nafasi ningekuandikia."

Akaandika kwa mwandiko mzuri: Aliumwa. Akampa cheti, akamwambia akasubiri kwenye benchi, mwenye mhuri yuko kwenye chai.

Benchi lilikuwa refu, limegongwa kwenye ukuta wa korido, na watu tisa walikuwa wamekalia, kila mmoja na cheti chake mapajani, kimelazwa kifudifudi. Walikaa kama watu wanavyokaa katika ofisi za Ukingoni, viwiko vimebanwa, asigusane mtu na mtu. Sikudhani alikaa pembeni ya mzee mmoja mwenye koti lililofumuka kwenye kwapa. Kwa mazoea ya kazi alilitazama lile fumuo. Kisha akatazama upepo wa dirishani ulivyoinua ukingo wa karatasi ya mzee, na kabla mkono wa mzee haujairudisha, alikuwa amekwisha kulisoma neno lililoandikwa pale.

Akayatazama yale mapaja mengine, moja baada ya jingine, mpaka mwisho wa benchi.

"Samahani, baba," alisema. "Wako aliumwa, au aliumwa?"

Karani alinyanyua kichwa dirishani. Alichosikia ni mwanamke mwenye msiba anarudia neno moja mara mbili, na waliofiwa hufanya hivyo. Akainamia daftari lake tena.

Mzee alimgeukia Sikudhani, akakitazama cheti mkononi mwake, akamtazama uso. Kisha mdomo wake wa juu ukapanda taratibu, meno ya mbele yakaonekana yote, na kwa meno hayo akasema:

"Aliumwa."

Mwanamke wa pili yake akageuka. Baada yake, mtu mwingine. Mmoja mmoja, mpaka mwisho wa benchi, wakaanza kuzigeuza karatasi zao zitazame juu.